Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Kwanza

"Andika hivi: kwa unyenyekevu mkubwa," alisema fundi viatu, akajikohoza kama mtu anayetaka kuhutubia.

Mama Taipu alikuwa ameshaandika. Malalamiko yote yaliyopita mezani kwake yalianza kwa unyenyekevu mkubwa, na vidole vyake vilifika mwisho wa sentensi kabla mwenyewe hajameza mate. Fundi viatu alivunjiwa kibanda na askari wa halmashauri. Sasa ameambiwa alete malalamiko kwa maandishi, tena yaliyopigwa taipu, kwa watu walewale waliomvunjia.

"Punguza unyenyekevu kidogo," alimshauri bila kuinua macho. "Ukizidisha watajua huna mtu."

"Basi weka wa kawaida tu, mama."

Akaweka wa kawaida. Meza yake ilikuwa barazani, nje ya ofisi za halmashauri, kando ya ukuta uliochubuliwa rangi na migongo ya watu wanaosubiri. Zamani wapiga taipu walijaa safu nzima hapo. Kompyuta zilipoingia, wenzake wakafungasha virago mmoja mmoja, akabaki yeye na mashine yake ya chuma, na utepe wa wino unaopanda bei kila akienda kuutafuta. Alibaki kwa sababu alikuwa hodari. Hilo alimwambia yeyote aliyekaa naye kwa muda wa kunywa chai, na hakuwa anapiga chuku. Kurasa zake zilitoka safi, hazina kufutwafutwa wala herufi iliyompanda mwenzake.

Fundi viatu alipoondoka na karatasi yake, Mama Taipu aliweka mikono ukingoni mwa meza, akaanza kugonga ubao polepole: gumba, shahada, cha kati, cha pete, kidogo. Kisha kurudi.

"Meza imekukosea nini leo?" aliuliza mpiga picha za vitambulisho, jirani yake wa barazani.

"Leo mtihani."

"Ule wa piano? Mama Taipu, si uwaachie watoto mambo hayo?"

"Watoto wana mitihani yao. Huu ni wangu."

Mpiga picha akacheka, lakini alimsogezea kiti chake ili akae vizuri zaidi. Alijua mwenzake akishasema jambo ni lake, hakuna wa kumwondoa.

Habari ya piano yenyewe ilikuwa hivi. Mtaani kwao kulikuwa na ukumbi wa jamii uliojengwa na wakazi wenyewe, watu wakibeba matofali kwa zamu, na Mama Taipu, wakati huo msichana, aliyabeba pamoja nao. Ndani ya ukumbi kulikuwa na piano iliyoachwa na klabu moja iliyokufa. Miaka nenda rudi ilifunikwa turubai, ikawekewa juu yake viti vibovu na mabango ya mikutano. Kisha mwalimu mmoja mstaafu akaomba ufunguo, akaifuta vumbi, akaikaza nyuzi kwa mikono yake, akatangaza darasa la alasiri, bure, kwa yeyote mwenye vidole.

Mama Taipu alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Maisha yake yote vidole vyake vilisema maneno ya watu: huyu anadai kiwanja, yule anaomba talaka, mwingine anamsihi mkubwa fulani amrudishe kazini. Chini ya kila ukurasa ilikaa sahihi ya mtu mwingine. Alitaka angalau kitu kimoja kitoke kwenye vidole vile kiwe chake.

Siku ya kwanza aliingia kwa majivuno. "Mwalimu, mimi usinianzishe chini," alisema. "Vidole hivi vinajua kazi."

Mwalimu alimfungulia Kitabu cha Kwanza, kile cha wanaoanza, chenye nota kubwa na namba za vidole juu yake. Zoezi la kwanza lilikuwa sauti tano, kwenda na kurudi. Mama Taipu akazimaliza kwa kufumba na kufumbua.

"Hapo umebisha hodi," mwalimu akasema. "Piano hujapiga bado."

Kumbe kasi ndiyo iliyokuwa ikimponza. Kwenye taipu unagonga na kutoka mbio, kidole kikikawia kimekosea. Kwenye piano kidole kikitoka mbio, sauti inakufa ingali changa. Na gumba lake, ambalo tangu chuo cha upigaji taipu halikuwa na kazi ila kugonga nafasi kati ya neno na neno, sasa liliitwa kidole cha kwanza, likatakiwa lipite chini ya vidole vingine kupanda ngazi ya sauti. Lilikataa, likabaki limeduwaa pembeni.

Yote hayo aliyashinda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Alirudia mazoezi ya vidole hadi watoto wa darasani wakayaimba kwa mdomo ili kumtania. Vidole vikawa sawa kwa sawa, cha pete kikaacha uvivu, gumba likapita. Mwalimu, ambaye sifa kwake ilitoka kwa shida kama jino, alisema siku moja, "Mikono yako imetulia." Mama Taipu alitembea hadi nyumbani akiitazama mikono yake kama ya mgeni wa heshima.

Kilichomshinda kilikuwa ukurasa wa mwisho. Hapo wimbo mdogo unaishia kwa sauti tatu mkono wa kulia na mbili wa kushoto, zote zikibonyezwa kwa pamoja. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Lakini kwenye mashine ya taipu, ukibonyeza herufi mbili kwa mpigo vyuma vinagongana na kukwama, unaingiza mkono kuvitenganisha, unatoka na wino hadi kiwikoni, na chuoni mwalimu wao aliwachapa rula kwa kosa hilo. Mama Taipu alijisifu kwamba hajawahi kukwamisha mashine tangu alipoanza kazi. Sasa kila alipofika mwisho wa wimbo, kidole kimoja kilishuka na vingine viliruka juu kama vimeungua. Akili ilisema shukeni, vidole vikasema sisi hatumo.

Aliyemsaidia ni binti yake, aliyefanya kazi duka la dawa na kurudi kila jioni mgongo ukimuuma kwa kusimama. Siku moja akamwomba amkande. Mama Taipu akaweka vidole vitatu pamoja juu ya mgongo, akabonyeza.

"Hapo hapo, mama. Usiondoe."

Hakuondoa. Akashangaa mwenyewe. Tangu siku hiyo mgongo wa binti ukawa unakandwa kila jioni, utake usitake, kwa kufuata kitabu, binti akilalamika kwamba mkono wa kushoto unachelewa. Kwenye piano yenyewe, hata hivyo, bado vidole vilikuwa havijakubali.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kukubali au kukataa. Ofisa wa utamaduni wa halmashauri, aliyesimamia kumbi zote za mitaa, alikuwa ameweka sharti: atakayepiga ukurasa wa mwisho mbele ya mwalimu bila kukosea ataendelea na Kitabu cha Pili, asiyeweza apishe wengine. Mama Taipu aliifunika mashine yake mapema, akamwomba mpiga picha aiangalie, akaondoka na kitabu kwapani.

Alipofika ukumbini akakuta lori limeegeshwa kinyumenyume mlangoni. Ndani, wapagazi walikuwa wanasogeza viti. Kamba zilikuwa zimeshatandazwa sakafuni kuizunguka piano. Watoto wa darasa walisimama ukutani, na mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia mapajani, uso umemshuka.

"Vipi, Mwalimu?"

"Muulize mwenyewe," akajibu, akielekeza kidevu kwa ofisa.

Ofisa wa utamaduni alikuwa kijana nadhifu mwenye simu mbili, zote zinaita. "Mama, shikamoo. Piano inahamia ukumbi wa mapokezi kule makao makuu. Wageni wakija wakute kitu cha maana."

"Marahaba. Na nani atawapigia hao wageni?"

"Si lazima ipigwe. Ni sehemu ya mandhari."

"Na mtihani?"

"Mtihani umeahirishwa."

"Hadi lini?"

"Hadi itakapotangazwa. Haya ni maagizo kutoka juu, mama, mimi ni mtumwa tu." Kisha, labda kwa kumwonea huruma, akaongeza kwa sauti ya upole iliyouma kuliko ukali: "Na kusema kweli, mama yangu, samaki mkunje angali mbichi."

Watoto wakamtazama Mama Taipu. Alihisi joto likimpanda shingoni. Angeweza kumwandikia kijana huyu barua ya malalamiko ambayo angeisoma kwa wiki nzima, kwa unyenyekevu mkubwa, na alijua droo ambamo ingelala. Alikasirika, tena sana, lakini juu ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomnyoosha mgongo.

"Mimi si samaki, mwanangu," alisema. Akazivuka kamba, akavuta kigoda, akaketi.

"Mama, wapagazi wanasubiri."

"Wasubiri. Mimi nilishasubiri."

"Mama, usinitafutie matatizo."

Hapo mwalimu akainuka kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kuogopa ofisi, kama wastaafu wengi ambao haki zao bado zinazunguka kwenye ofisi hizo hizo, na sauti yake ilitetemeka. "Bosi, mtihani uliutangaza wewe, tena mbele ya wazazi. Mwanafunzi wangu amekuja. Nitamsikiliza."

Mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye mabega mapana, akaiachia kamba, akakaa juu ya kiti kilichopinduliwa. "Acha apige, bosi," alisema. "Mgongo nao unataka kupumzika."

Ofisa akaangalia simu zake, akakosa ya kupokea.

Mama Taipu alifungua ukurasa wa mwisho, lakini macho hayakuuangalia. Alianza na mazoezi ya vidole, sauti tano, kwenda na kurudi, kwa sababu mwalimu alimfundisha kwamba mkono baridi hauvamii wimbo. Hakuharakisha. Kila sauti aliiacha ikae kabla hajaiita nyingine. Kisha akaingia kwenye wimbo. Ulikuwa wimbo wa watoto, mwepesi, hauna lolote la kumtoa mtu machozi, naye aliupiga kwa uso wa mtu anayekata jiwe. Gumba lilipita chini bila kujikwaa. Cha pete kikafanya kazi yake. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na mwisho ukawa unamjia.

Aliogopa. Vidole navyo viliogopa, alivihisi vikianza kunyanyuka kila kimoja kivyake, vikikumbuka vyuma na rula. Akavishusha vyote kwa uzito wa mkono mzima, kulia na kushoto.

Hakuna kilichokwama. Sauti zilitoka pamoja, nene, zikajaa ukumbi hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, na Mama Taipu akabaki amebonyeza, mabega yameshuka, asiamini kwamba kitu alichoadhibiwa kwa ajili yake ujanani kinaweza kuwa kizuri kiasi hicho. Mtoto mmoja akapiga makofi, wenzake wakamfuata. Mama Taipu hakuinua mikono hadi sauti ilipokwisha kabisa.

"Mwalimu," aliuliza bila kugeuka, "nimefaulu au sijafaulu?"

"Umefaulu. Kesho unaanza Kitabu cha Pili."

Ofisa akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi uso. "Kitabu cha Pili? Kwa piano ipi, Mwalimu?"

Mama Taipu ndiye aliyejibu, huku akifunika vibonye kwa mkono wake mwenyewe. "Swali hilo ni lako, bosi. Langu nimeshalijibu."

Akasimama, akasogea pembeni. Wapagazi wakaifunga piano kamba, wakainyanyua wakihesabu kwa sauti. Kwenye kizingiti walichokijenga watu wa mtaa ilikwaruza mguu, ikalia ndani kwa ndani, na mwalimu akageuza uso. Mama Taipu hakugeuza wake. Alitoka nyuma yao, akasimama juani kando ya lori, kitabu kwapani, akiwatazama wakiipandisha na kuifunika turubai. Vidole vilikuwa bado vya moto.

Watu walikuwa wamejikusanya njiani, kama kawaida lori linaposimama. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya maji alisogea karibu.

"Samahani, dada. Kuna mtu alikuwa anapiga piano humo ndani sasa hivi. Nimesimama kusikiliza hadi maji yakanimwagikia. Ni nani yule?"

Ofisa wa utamaduni alikuwa amesimama mlangoni mwa lori, mkono kwenye kitasa, anasikia.

"Ni mimi," alisema Mama Taipu, kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva.