Ukoko kwa Neno

Dada yangu amepika katika shule ile miaka kumi na tisa. Watoto mia tatu amewajaza matumbo, mpaka wakambandika jina la Mama Upawa, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajua lugha gani. Siku alipoomba kuwa matroni wa bweni la wasichana ndipo barua ikaja: usaili utafanyika kwa Kiingereza, na maneno ya elimu ayajue yote. Matroni aliyestaafu nilimsikia kwa masikio yangu, mimi mpasua kuni wa jikoni. Miaka yote aliwafokea watoto kwa lugha ya mama yake, na hakuna aliyemwandikia barua. Mimi sisahau.

"Acha kununa, kaka," dada akaniambia. "Kiingereza kinakaa madarasani, na watu wa madarasani wote hupanga foleni kwangu."

Kesho yake akatangaza sheria. Anayetaka ukoko alete neno, na maana yake juu.

Foleni ikawaka moto.

"Absent," akasema wa kwanza.

"Ndiyo nini?"

"Asiyekuwepo."

"Kula basi, wewe uliyepo."

"Timetable. Ni ratiba, Mama Upawa, na naomba kile kipande kikubwa, neno langu refu."

"Neno refu halileti ukoko mrefu. Songa."

Wiki mbili dada alikoroga sufuria akiimba ratiba, mahudhurio na ruhusa kwa Kiingereza, mwiko ukienda na sauti, nami nikapasua kuni kwa mahadhi hayo hayo. Mwalimu wa Kiingereza alikuja kuchungulia jikoni. Alitaka kujua ni ugonjwa gani umewapata wanafunzi wake, mbona siku hizi wanauliza maswali.

Wiki ya tatu pakaingia mdudu. Msichana mmoja wa darasa la saba, Kiherehere kwa jina la utani, akanyoosha sahani.

"Holiday," akasema.

"Maana yake?"

"Adhabu ya viboko."

Dada akaandika kitu kwenye daftari lake, akampa ukoko. Aliyefuata akaapa kwamba examination ni karamu. Nikaweka shoka chini. Nina kamusi kuukuu ya Kiingereza, haina jalada, lakini haina uongo: siku ile peke yake watoto tisa walimdanganya.

"Dada, hawa wanakuchimbia shimo. Usaili ni Ijumaa."

Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Holiday naijua tangu wiki ya kwanza, kaka. Kiherehere akidanganya hutazama upawa, mimi hanitazami."

"Sasa unaandika nini?"

Akanionyesha daftari. Hayakuwa maneno, yalikuwa majina tisa. "Hawa hawataki nihame jikoni. Nataka nijue wanaonipenda wako wangapi."

Ijumaa nikahamishia magogo yangu chini ya dirisha la ofisi, nikapasua polepole sana. Akaulizwa attendance, akajibu. Akaulizwa permission, akajibu. Mkuu wa shule alipouliza holiday, mabega ya dada yakaanza kutetemeka. Kicheko kikamponyoka. Akaeleza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba ni shule kufungwa, ila watoto wamemwambia ni viboko.

"Why?" akauliza mkuu. Kwa nini wamdanganye?

Hapo Kiingereza kikamwishia. Neno la kujibu hilo hakuna mtoto aliyewahi kulileta kwenye foleni. Shoka likanigandia mkononi.

"Hawataki niondoke kwenye sufuria," akasema kwa Kiswahili.

Nikajua wamempata. Kisha mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mzito aliyekuwa hajafumbua mdomo, akauliza kwa Kiswahili hicho hicho: "Na ukienda bwenini, huo ukoko atagawa nani?"

"Ukoko utanifuata, mama."

"Bwenini hapaliwi," mkuu akadakia. "Ni sheria."

"Basi iandikeni kwa Kiingereza, mwalimu, nisiielewe."

Wakaangua kicheko wote, mkuu akipiga meza, nami niliyekuwa dirishani naweza kuapa: hakuna hata mmoja aliyecheka kwa Kiingereza. Usaili uliobaki ukaendelea kwa lugha waliyochekea.

Jumatatu dada akakabidhiwa funguo za bweni. Kiherehere aliposikia alilia kipindi kizima cha hesabu, halafu akafuta kamasi, akaenda kuuliza ni kitanda gani kilicho karibu zaidi na mlango wa matroni.