Mikono ya Fundi Jukwaani

Ukoo mzima ulijua: ukikohoa vibaya mbele ya yule mama mwigizaji, utajikuta sinemani. Kwikwi ya shemeji yake aliichukua akampa mlevi wa kwenye tamthilia. Wifi yake naye alikwenda kutazama filamu iliyomletea mama huyo tuzo yake ya kwanza, akajiona anavyochechemea na kujikuna mgongo kwa ufunguo, ukumbi mzima unaangua kicheko. Loo! Alinuna mwaka mzima. Mama wa watu hakuomba radhi. Alikuwa ameanza kwa kubeba sinia jukwaani, hana hata neno moja la kusema, akapanda mpaka picha yake ikajaa kwenye kuta za mji, na yote hayo kwa kuokota vitu vya watu. Jamani, ndiyo kazi yenyewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na binti yao alimpenda baba huyo kuliko kitu chochote. Alimuuguza mwenyewe hospitalini. Siku ya mwisho fundi alianza kulisogeza shuka kwa vidole gumba, polepole, kama analipitisha chini ya sindano, kisha akainua pindo mdomoni, akakata kwa meno uzi ambao haukuwepo. Akakata roho. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama alikaa kwenye kiti, macho makavu, anatazama.

Sasa wewe niambie, binti angejuaje? Miezi ikapita, akaenda kutazama tamthilia mpya, mama yake akiwa malkia aliyepinduliwa, anafia kifungoni. Malkia akalala. Vidole gumba vikaanza kusogeza shuka. Pindo likapanda mdomoni. Watu wakasimama kwa makofi, yeye akabaki amekaa, hasira imempanda.

Alimkuta mama yake chumba cha kuvalia, anajifuta rangi usoni kwa pamba.

“Mama, ile ni mikono ya Baba.”

“Ni yake.”

“Mumeo anakata roho, wewe uko kazini?”

“Mwanangu, sijui kutazama kwa namna nyingine.”

“Watu wamempigia makofi Baba akifa!”

“Kuna aliyempigia akiwa hai?”

Ebo! Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akasema bila kupepesa macho, “Iondoe. Ukiirudia tena, usinihesabu mtoto wako.”

Mama akabaki ameishika ile pamba. Huyu hakuwahi kuondoa kitu jukwaani kwa ajili ya mtu, maana hata mwongozaji alikuwa anamwogopa. “Nitaiondoa,” akasema.

Kesho yake binti alirudi kuhakikisha. Malkia akalala, mikono ikatulia kifuani. Binti akajikuta anajivuta mbele kwenye kiti, macho kwenye vile vidole, na moyo ukamgeuka ghafla. Alitaka visogee. Alitaka kumwona baba yake mara moja tu, na duniani hapakuwa na mahali pengine alipokuwa bado anaonekana. Ifanye, akaomba kimoyomoyo. Ifanye, Mama. Mama hakuifanya, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akapiga miayo waziwazi, hana haya. Ikawa hivyo kila usiku, magazeti yakaandika kwamba bibi amechoka, mwongozaji akampa umalkia mwigizaji mwingine, na simu zikaacha kulia. Kazi ya maisha mazima ikazimika hivyo hivyo.

Binti alijikaza, akashindwa. Jumapili moja asubuhi akampelekea mama yake shuka kitandani. “Nifanyie Baba,” akasema, machozi yanamtiririka. “Nisamehe, Mama. Nifanyie.”

Mama akalitandaza mapajani. Akajaribu. Ilikuwa mikono ya bibi kizee anayenyoosha nguo, basi. Akajaribu tena, akatikisa kichwa.

“Niliikataza isije, mwanangu. Kila nikilala pale jukwaani niliizuia kwa nguvu zangu zote. Sasa nikiiita haiji.”

“Hivi, Mama, hivi!” Binti akaikamata ile mikono, akaisukuma juu ya shuka.

“Ngoja kwanza. Alianza na kidole kipi? Cha kulia au cha kushoto?”

Binti akafumba macho, akamtafuta baba yake pale kitandani hospitalini. Akafumbua. Hata yeye alikuwa hajui tena.