Mke wa Mafkudi

Siku tuliyokwenda kwa kadhi, Kilindoni, dada yangu Mwanamkuu alivaa baibui jipya. Ana haki. Zubery, mwashi wa Kiegeani, alishaleta wazee mara mbili kumposa. Kilichobaki ni dada kufunguliwa ndoa yake na Fikiri, aliyekwenda Msumbiji kuuza nguo, na simu yake haipatikani mwaka wa sita huu.

Tulikwenda watatu: dada, mimi Hafidha, na mkwewe Bi Somoe, mama yake Fikiri, ambaye dada anaishi naye Baleni na kumhudumia kwa kila kitu.

Kadhi alitusikiliza, akavua miwani. "Fikiri ni mafkudi," akasema.

Dada akanitazama. Neno lenyewe sikulijua, na mimi sipendi kuonekana sijui.

"Ni mtu aliyetoweka, asijulikane yu hai au amekufa," kadhi akaeleza. "Mali yake haigawanywi, na mkewe bado ni mkewe. Kwa kauli ninayoifuata, mke husubiri miaka minne, akakaa eda, ndipo akaolewa."

"Alhamdulillahi!" nikadakia. "Minne imeshapita zamani, sheikh. Tuandikie eda."

"Mlileta habari lini?"

Hapo tukakwama. Hatukuleta. Mwaka ule wa kwanza dada alitaka kuja, Bi Somoe akalia mpaka akazirai: kumpeleka kwa kadhi mtu aliye safarini ni kumchuria, ni kumwonyesha Izraili njia. Na kwetu uchuro si mchezo. Dada akaufyata, na kila mwaka akaufyata tena.

"Basi, binti yangu..." kadhi akaanza, akasita.

Bi Somoe ndiye aliyemalizia, kwa sauti ya mtu anayesoma alichohifadhi utotoni. "Miaka minne huhesabiwa tangu siku mke alipofikisha habari kwa kadhi. Si tangu mume alipoondoka."

Baba yake Bi Somoe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Baleni nzima inajua, nasi tulijua, ila hatukuwahi kulifikiria.

"Mama," dada akasema polepole, "hili ulilijua siku zote?"

"Nililijua."

"Na ule uchuro?"

"Ungeondoka, mwanangu. Ningebaki na nani?"

Nilitaka kumtukana. Wallahi, ulimi ulikuwa tayari, nikamwogopa Mungu tu. Dada ana miaka thelathini na tisa. Zubery hatasubiri minne mingine, na tumbo la kuzaa nalo halisubiri.

Dada hakulia. Akavuta mezani kwa kadhi karatasi ya kufikisha habari, akaandika tarehe ya siku ile, akatia sahihi, akatoka bila kuaga.

Bi Somoe haoni vizuri, ana mtoto wa jicho. Akasimama, akanyoosha mkono pembeni, akingoja kushikwa kama kila siku. "Mwanamkuu?" akaita. "Mwanamkuu, mama?"

Mkono ukabaki hewani. Mwisho nikaushika mimi, kwa hasira, maana pale mlangoni pana ngazi.