Gego la Mama

Hadubini ilikuwa imevaa koti. Si kifuniko chake cha kuikinga na vumbi, la hasha. Koti la Baba. Tangu siku mafundi walipoifunga kando ya kiti cha wagonjwa, mzee huyo kazi yake ilikuwa kuingia asubuhi, kuvua koti, kulitundika juu yake, kisha kumwambia mgonjwa wa kwanza huku akijipiga kifua, "Hapa kwetu ni mambo ya kisasa, unaona mwenyewe!" Akishasema hivyo anainama na macho yake ya uzeeni, anaanza kukwangua mzizi wa jino kwa vijisindano vya mkono, vile vile alivyokuwa akikwangua enzi za ujana wake.

Binti yake, ambaye naye ni daktari wa meno na ndiye aliyebembeleza mwaka mzima vifaa hivyo vinunuliwe, alikuwa amechoka hadi utosini. Laiti Baba angekataa, wangegombana yakaisha. Lakini hakukataa kitu. Mashine ya kuzungushia vijisindano aliinunua, akaifungia kabatini isije ikaharibika. Kifaa kinacholia kuonyesha kwamba mwisho wa mzizi umefikiwa, alikizima sauti, eti kinawatisha watu. Na kile kipande cha mpira kinachotandazwa mdomoni ili jino libaki peke yake, mate yasiliingie, hicho hakutaka hata kukisikia.

"Mtu nikimziba mdomo, tutaongeaje?" alisema.

Maana Baba alikuwa bingwa wa kupiga soga. Wagonjwa walimwita Mkono Mwepesi. Huku mkono unachokonoa, huku yeye anasimulia, na kila baada ya muda anauliza, "Linauma?" Nao, kwa kumpenda na kumheshimu, wanajibu na pamba zao mdomoni, "Haliumi, daktari." Haliumi! Mtu kakamata mikono ya kiti utadhani anataka kuing'oa, machozi yanamlenga, haliumi. Binti kila akilisikia neno hilo alitamani kupiga ukelele.

Asubuhi hiyo aliyekalia kiti alikuwa Mama. Gego lake la juu Baba alishalitibu mzizi mara tatu, na mara zote tatu likarudia. Leo alikuwa ameshika koleo.

"Hili ni jino bishi," alisema. "Tuling'oe tu, mama watoto, upumzike."

"Baba, ngoja kwanza," binti alisema. "Niliangalie kwa hadubini. Magego mengi ya juu yana mfereji wa nne ndani ya mizizi, unajificha. Ukiachwa humo na uchafu wake, jino haliponi."

"Mizizi mitatu, mifereji mitatu. Nimefungua magego mimi kabla wewe hujaota hata meno ya utotoni."

"Huo wa nne hauonekani kwa macho matupu!"

"Macho yangu yana nini?"

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, sema wewe. Jino ni lako."

Mama akatazama dari. "Niseme nini, mwanangu? Baba yako ndiye anayejua. Aling'oe tu. Na wala haliumi sana."

Hapo mori ukampanda binti. Haliumi sana! Mwanamke huyu huyu anayetafuna kwa upande mmoja miezi yote hii, anayelowesha mkate kwenye chai mpaka unakuwa uji, anayejifungia bafuni na kitambaa cha maji baridi shavuni ili mumewe asimwone! Binti alishamfuma humo siku moja, na Mama akamwapisha asiseme. Mmoja hataki kuona, mwingine hataki kusema, na yeye kasimama katikati na usomi wake, aupeleke wapi?

Akalivuta lile koti, akalitupa kwenye kiti cha pembeni.

"Koti langu!"

"Baba, nakuomba kwa heshima zote. Nisipouona huo mfereji, ng'oa, na mimi sitafungua mdomo tena kuhusu vifaa hivi. Vitundikie hata suruali."

Baba akacheka bila kupenda, akaweka koleo chini. "Haya. Fanya, tukuone."

Binti akampiga Mama sindano ya ganzi, akautandaza mpira na kuubana, akaisogeza hadubini. Baba akaketi karibu na kichwa cha mkewe akaanza hadithi, kwa sababu kukaa kimya hajui. Akasimulia habari za jirani na bomba lake lililopasuka, akafika mahali pa kuchekesha, akangoja. Mama, mdomo umezibwa, hakuweza kucheka. Akaanza nyingine, nayo ikamfia njiani.

Binti aliondoa kijazio cha zamani, akakwangua taratibu chini kabisa ya tundu la jino, akasafisha, akaangalia, akakwangua tena. Jasho likamtoka. Kama haupo, basi, jino linaondoka leo na yeye aliyajua maisha yatakayofuata. Kisha akauona. Nukta nyeusi tu, kando ya mfereji mkubwa. Akaingiza kijisindano chembamba kuliko vyote, kikazama. Kilipotoka kilikuwa na uozo.

"Njoo uone, Baba."

Alikuja kwa kujivuta, akainama, akaweka macho. Akakaa hapo muda mrefu. Binti alikuwa na maneno yake tayari, ameyaweka akiba miezi mingi, makali, yamepangika. Alikuwa akisubiri tu mzee ainuke.

Baba aliinuka, lakini hakumtazama yeye. Alimtazama mkewe.

"Limekuwa likiuma muda wote huu?"

Siku nyingine Mama angewahi kusema haliumi. Sasa mpira ulikuwa umemziba. Alimtazama mumewe machoni, akaitikia polepole kwa kichwa.

"Tangu ile mara ya kwanza?"

Akaitikia tena. Chozi likamtiririka kuelekea sikioni.

Baba akamshika mkono, akakaa nao hivyo hivyo. Kutoka chumba cha kusubiria zilisikika sauti za wagonjwa wake. Mmoja alikuwa anamtoa hofu mgeni, anamwambia hapa hutasikia kitu, mzee huyu mkono wake hauna mfano.

"Na wale wengine?" Baba aliuliza.

Binti alikuwa na jibu. Alilimeza, akarudisha macho kwenye hadubini, akaendelea kusafisha.