Kuku wa Harusi ya Raihana

Kudra alikuwa na manyoya ya kuku kwenye nyusi, kwenye sidiria, na moja lililolowa limeng'ang'ania mdomo wake wa chini kama linataka kuposa. Kila alipolitema, lilirudi. Uani kwake, pale Buyenzi, damu, kinyesi cha moto na manyoya mabichi vilinuka pamoja hata nzi wakatua kwa kusitasita.

Kuku ishirini weupe, wa nyama, aliwalea mwenyewe tangu wakiwa vifaranga, kwa ajili ya harusi ya Raihana. Asiya, mama wa bibi harusi, alishasema: kuku wafike wamesafishwa kabla ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje, maana askari hawamuulizi anayepita kama amebeba kitoweo. Na Asiya ndiye yule mwanamke ambaye akikuita mchafu mara moja, mtaa mzima unanunua kwingine. Kudra ni mjane. Kuku ndio shamba lake, ndio mume wake, wana afadhali hata kuliko marehemu, maana hawakoromi.

Shida ilikuwa makala, makaa ya kupikia. Tangu vita vifunge njia za milimani, gunia la makala lilikuwa kama dhahabu, na sufuria ya maji ya moto ilipoa kabla hujanyonyoa kuku wa tatu. Ndipo shemeji yake Hamimu, fundi wa magari, alipoleta pipa lake. Ndani alikuwa amelifunga vipande vya mpira wa tairi kama vidole, na chini sahani inayozungushwa kwa pedali za baiskeli.

"Mi nafungua injini za malori, shemeji. Kuku itanishinda?"

Akachinja kwa bismillah, akasubiri watulie, akawachovya kwenye maji ya moto, akawatumbukiza watatu watatu, akapanda pedali. Puruputu, puruputu! Kuku wakatoka uchi, safi, kama wanaokwenda kuogelea. Kudra akapiga vigelegele. Kumi wakaisha upesi hata hajapata jasho.

Kudra alipoanza kuwatoa utumbo, akaingiza mkono tumboni mwa wa kwanza, joto likamzunguka vidole, kifuko cha chakula kikapasuka na pumba chachu zikamrukia shingoni. Hayo aliyazoea. Lakini kulikuwa na harufu nyingine. Akanusa vidole. Akatazama beseni la kuoshea kuku: juu ya maji umetanda utando unaong'aa rangi saba.

"Hamimu. Hili pipa lilikuwa la nini?"

"Pipa tu."

"Hamimu!"

"La mazutu," akasema chini chini. "Ile dizeli ya malori, inayopita mpakani Gatumba. Lakini nililiosha! Na omo!"

Maji ya moto yaliyowachuruzika kuku yalikuwa yameamsha mazutu yote iliyolala kwenye chuma, na vile vidole vya mpira vikaisugua ngozini kama mwali anayesingwa.

"Pilau iko na karafuu, iko na iliki," Hamimu akajitetea. "Nani atasikia?"

"Basi onja we."

Wakachemsha bawa. Hamimu akatafuna, akaacha kutafuna, macho yakamtoka. "Iko na ladha ya garaji," akakiri. Kudra naye akauma. Mafuta yale yakamtanda ulimi, yakapanda puani, yakateremka polepole kooni kama konokono. Hakufika chooni. Alitapikia ukutani, na matapishi yenyewe yakanuka lori.

Kuku kumi walifukiwa. Kumi waliobaki wakanyonyolewa kwa mkono, kwa maji mapya, na kuni ni benchi la garaji la Hamimu. Alipofika kwenye utumbo, fundi akageuka kijani.

"Mwanamume mzima unaogopa matumbo?"

"Injini haina matumbo, shemeji."

Jua limeinama, Kudra akafika kwa Asiya na beseni kichwani. Asiya akafunua kitambaa.

"Zingine ziko wapi?"

Vita vilikuwa na visingizio vya bure. Angesema askari wamewabeba, nani angebisha? Kudra akafungua mdomo, na akiufungua tu mazutu ikampanda tena.

"Nimezifukia, dada. Tulizinyonyolea ndani ya pipa la mazutu."

Asiya akawanusa kuku mmoja mmoja, chini ya bawa, penye mkia, mpaka ndani ya tumbo. Kisha akakata paja, akalikaanga, akaliweka mbele ya Kudra.

"Kula. Mi nikitazama."

Kudra akauma. Mazutu! Au ni ulimi wake? Hata mate yake yalikuwa mazutu, hata pumzi. Hakuweza kujua. Akatabasamu, akameza.

"Tamu?"

"Tamu, dada."

Asiya akamega paja lile lile, akatafuna muda mrefu huku akimkazia macho.

"Hii ni kuku," Asiya akatamka mwishowe. "Pale panapopungua nitaweka ng'ombe. Na sikukuu nitataka zingine, lakini yule fundi wako asizishike!" Akaisukuma sahani. "Sasa maliza. Mbona unaacha, au unaona kinyaa chakula changu?"

"Apana, dada. Kinyaa tena?" Kudra akasema, akaliokota paja kwa vidole viwili, akafumba macho.