Baka la Tyra

Akina mama wa kamati ya Lusia, sikukuu ya mwanga ya Desemba, walikuwa wanapiga pasi kanzu nyeupe katika ukumbi wa kanisa, birika la kahawa likinguruma pembeni. Tyra, binti wa miaka kumi na saba, alijifunga mshipi mwekundu akasubiri kuambiwa mahali pa kusimama. Parokia nzima haikuwa na sauti kama yake. Wala haikuwa na uso mwingine wenye baka kama lake, jekundu kama mvinyo, kutoka kwenye paji hadi kidevuni.

"Wewe mwanangu utaimba nyuma ya kinanda," alisema Ann-Britt, mwenyekiti wa kamati. "Ellinor atavaa taji la mishumaa, atatembea mbele, atafungua mdomo tu."

"Afungue yeye, niimbe mimi?"

"Watu wanatoka kitandani na baridi yote hii, Tyra. Wanataka kuona kitu kizuri."

"Kwani mimi ni kitu gani?"

"Usianze. Sote tunakupenda."

Maj, mama yake mdogo, aliyekuwa anakunja kanzu, akaguna. "Mapenzi gani hayo ya kumficha mtu kama ufagio wageni wakija?"

Ann-Britt akamimina kahawa.

Tyra akaenda kanisani, akapiga magoti benchi la nyuma. Alianza kwa adabu, akaomba baka liondolewe. Halikuondoka. Basi akaiweka adabu kando, akamwuliza Mungu alikuwa anachungulia nini dirishani siku ile anamfinyanga, hata mkono ukamteleza. Alilia mpaka maneno yakamwishia.

Hapo kiganja kikamshika shavu. Kilikuwa kikavu, chenye sugu kama cha seremala, wala hakikufuta kitu. Kilipapasa baka taratibu, juu hadi chini, vile fundi anavyopapasa kazi yake mwenyewe iliyompendeza. Benchini hapakuwa na mtu. Tyra akapenga kamasi, moyo umetulia kama maji ya mtungini. Alipoinuka, baka lilikuwa linawaka.

Liliwaka rangi ya makaa, ila halikuunguza. Mzee Sixten, mtunza kanisa, alimwona anapita, akazima taa ya mlangoni.

"Hapa hapahitaji taa mbili," alisema. "Angalia ngazi, zinateleza."

Asubuhi ya Lusia, Uswidi nzima ikiwa gizani bado, kanisa lilijaa. Ellinor akasimama mlangoni na taji lake. Tambi za mishumaa zilikuwa zimeingia unyevu; kila zilipowashwa zilizimika. Watu wakaanza kukohoa. Nyuma ya kinanda, Tyra aliushika uso wake pale ulipopapaswa, akatoka, akasimama katikati ya kanisa, akawatazama wote usoni akaimba. Mwanga wa baka lake ulifika mpaka kwenye boriti za dari.

"Afadhali," Ellinor alinong'ona, akifumba mdomo. "Taji lenyewe linaniuma."

Baadaye watu walikunywa kahawa na mikate ya zafarani. Wote walisema mwanga wa mwaka huu ulikuwa mzuri kweli. Wimbo hawakuutaja. Mwimbaji hawakumtazama, walitazama kuta alizozimulika.

"Kamati imeshazungumza," alisema Ann-Britt, makombo mdomoni. "Mishumaa hatununui tena. Hata kwenye mazishi utasimama chumba cha kasisi, mlango tutauacha wazi kidogo. Mwanga utapita."

"Na uso?"

"Uso hautaonekana, usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Aliyeliwasha hakuniagiza niliweke nyuma ya mlango."

Ann-Britt akatabasamu. "Basi tutalijadili."

Tyra akavaa koti, akashika njia ya kwao akisali kimoyomoyo, akakisikia tena kile kiganja shavuni. Kijiji kikatoka nyuma yake, wakubwa kwa wadogo, maana barabara ilikuwa barafu tupu na mwanga wake uliwatosha wote. Wakamfuata kwa mstari mrefu, wakikanyaga pale alipomulika. Hakuna aliyeongeza hatua ili atembee naye bega kwa bega.