Koja la Helikopta

"Imepoa?" sauti ya mwanamke iliuliza ndani ya simu.

"Imepoa, na sasa hivi iko chini ya feni," Rashid akajibu, kwa upole ambao Salha aliusikia mara ya mwisho walipokuwa wachumba.

Salha alikuwa sebuleni, sinia la asumini mapajani, akitunga makoja ya harusi. Sindano ikamchoma. Hakuguna. Alikinyonya kidole huku akilitazama pazia la chumbani, maana feni iliyokuwa ikisemwa ni moja tu nyumba nzima, na Februari hii Likoni ilikuwa ikichemka mpaka kuku wakahema midomo wazi. Feni imegeuzwa kuelekea mkekani, na juu ya mkeka, kwenye kitambaa cheupe safi, imelazwa helikopta. Yeye, mke wa ndoa, anasubiri upepo wa mlangoni.

Helikopta yenyewe ni ya kuendeshwa kwa rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Rashid aliinunua mbovu kwa fundi mmoja wa Magongo, akaifufua, akaifunga kikapu kidogo cha ukili tumboni. Bibi harusi akitoka mlangoni, kikapu kinafunguka na asumini zinamwagika juu yake kutoka angani. Watu walipenda wee! Salha anachambua na kutunga, Rashid anarusha. Ingekuwa kazi ya mtu na mkewe, laiti si huyo Nasreen.

Nasreen ndiye mpiga video. Katika ua wa wanawake mwanamume haingii, kwa hiyo Rashid husimama nje ya ukuta. Anaiona helikopta angani, lakini haoni kilicho chini yake. Nasreen yumo ndani, kamera mkononi, simu sikioni, anamwongoza: kushoto kidogo, mbele, hapo hapo, mwaga. Mwaka mzima sauti ya mwanamke mwingine inamwingia mume wa mtu sikioni, na mwenye mume akae acheke? Tena mwenyewe mjane, kijana, wanja umemkolea, na manukato yake huingia nyumbani kabla hajapiga hodi.

Taabu ya kazi hiyo ilikuwa joto. Ndani ya helikopta kuna kibao kidogo cha umeme kinachoiendesha mota. Kikipata moto kupita kiasi hujizima, na helikopta iliyozimika hewani haina tofauti na jiwe. Hayo yaliwafika kwenye harusi moja ya Mwakirunge, ilipoangukia sinia la biriani mbele ya wageni. Tangu siku hiyo Rashid hana analowaza ila kupoza. Aliikwangua rangi nyeusi akaipaka nyeupe. Alikibandika kibao vipande vya alumini. Siku moja aliificha ndani ya boksi la barafu ambamo Salha huweka asumini zake; alipoitoa kwenye hewa ya pwani ikalowa jasho kila mahali, maji yakapenya ndani, ikalala siku kadhaa haifurukuti. Mwisho akatoboa matundu, safu moja puani na safu nyingine karibu na mkia, hewa iingilie huku itokee kule.

Na hayo yote alimweleza nani? Nasreen! Salha aliyasikia nyuma ya pazia, tundu kwa tundu. Kesho yake Nasreen akaleta kifeni cha mkononi cha betri, cha rangi ya waridi, eti cha kuipepea ikitua. Rashid akakitia uzi akakivaa shingoni.

"Kizuri," Salha alisema.

"Eh, Nasreen ana akili."

"Anayo."

Akaenda jikoni akasugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Harusi ya leo ni ya Ummi, mjukuu wa Bi Mwanabibi, na Bi Mwanabibi si mtu wa mchezo. Juzi alikuja mwenyewe kuitazama helikopta, akakaa kitini bila kuuegemeza mgongo.

"Shikamoo, bibi," Rashid alimwamkia.

"Marahaba. Nimeyasikia ya Mwakirunge. Hilo dude lako likimwangukia mjukuu wangu, hakuna nyumba Likoni itakayokuita tena. Nitahakikisha mimi."

"Halianguki, inshallah."

"Inshallah hiyo uishike kwa mikono miwili."

Basi leo, Rashid alipomaliza kuzungumza na Nasreen, akaenda kuoga. Salha akaingia chumbani. Wakabaki wawili, yeye na helikopta, feni ikimpepea mwenzake. Hajapata kuigusa tangu iingie nyumba ile. Kando yake kilikuwapo kile kifeni cha waridi, kimepangwa vizuri kama pete ya uchumba. Roho ikamuuma. Kila anayeitazama helikopta ataona huruma ya Nasreen, na yeye aliyekesha na sindano ataonekana wapi?

Mkononi alikuwa na koja moja lililobaki, zuri kuliko yote, vitumba vyake havijachanua bado. Akaipigia goti helikopta akaanza kuivika. Uzi ulitaka pa kushika, na matundu yale yalikuwapo, tayari, saizi ya sindano. Akaingiza puani, akavuta, akaingiza tena. Je, aliyakumbuka maneno ya nyuma ya pazia? Yalimjia, ndiyo, yakapita. Ni maua tu haya, alijiambia. Akashona mpaka mkiani.

Rashid alirudi na taulo begani akasimama. Aliitazama helikopta, akapitisha kidole juu ya maua ya puani taratibu.

"Umeishona wewe?"

"Nani mwingine?"

Akatabasamu, akaifunga ndani ya kitambaa cheupe.

Baada ya alasiri ua wa Bi Mwanabibi ulijaa wanawake hadi ukutani. Udi, vigelegele, viti vya plastiki vilivyochomwa na jua. Nasreen alikuwa mbele na kamera yake, simu ikiwa sikioni.

"Da Salha, mashallah! Koja lako limeipamba kweli," alimwambia.

"Asante," Salha alijibu, kwa midomo tu.

Helikopta ikapanda juu ya ukuta, nyeupe ndani ya maua meupe. Ua mzima ukainua simu. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Wallahi, hiyo ni kazi ya Salha!" Kwa muda Salha hakumwona Nasreen, wala hakumsikia. Alisimama karibu na mlango ameinua kidevu, akaona raha ambayo hajaiona mwaka mzima.

Lakini Ummi hakutoka. Pini ya ushungi ilikuwa imefunguka, mara dua, mara kiatu.

"Subiri, Rashid," Nasreen alisema simuni. "Bado hajatoka. Kaa hapo hapo."

Helikopta ikakaa hapo hapo, juani, juu ya mlango. Salha akaisikia sauti yake ikibadilika, ikikwaruza. Sauti hiyo aliijua, aliisikia Mwakirunge. Kisha kitu kikamdondokea begani. Ua la asumini, la kahawia, la moto, limeiva kama lililotolewa kwenye chai. Akalishika, na mara hii maneno ya nyuma ya pazia yakarudi yote, nayo hayakupita.

Mlango ukafunguka. Ummi akatokeza mguu mmoja wenye hina.

Fikra iliyomjia Salha kwanza, Mungu amsamehe, ilikuwa tamu. Ikianguka, ua mzima umesikia ni nani aliyesema subiri. Atalaumiwa Nasreen. Hataitwa tena kokote, na sikio la Rashid litabaki tupu. Alihitaji kunyamaza tu, hakuna kingine. Ummi akatoa mguu wa pili.

Salha akamnyakua Nasreen simu sikioni.

"Rashid! Itoe! Itoe juu ya watu uiteremshe! Nimeyaziba matundu, mimi, nimeyaziba na koja!"

Vigelegele vikakatika. Bi Mwanabibi alimvuta mjukuu wake ndani kwa mkono mmoja. Helikopta iliyumba, ikakohoa, ikapita juu ya ukuta ikapotea upande wa pili, na ua mzima ukasikiliza kishindo. Hakikusikika. Salha alishatoka mlango wa nyuma, miguu mitupu, macho ya watu wote mgongoni.

Alimkuta Rashid amepiga magoti kwenye kivuli chembamba cha ukuta, helikopta mbele yake, nzima. Salha akakata uzi kwa meno, akalifumua koja. Maua ya puani yalikuwa yamenyauka, yananuka kama kitu kilichosahauliwa jikoni.

"Nilishona kwenye matundu," alisema, bila kumtazama.

"Niliona."

"Uliona? Na ukairusha?"

"Nilidhani itazunguka mara moja itue. Sikujua bibi harusi atachelewa. Nilikosea." Rashid akajifuta jasho. "Tangu niilete nyumbani hujaitia mkono, Salha. Leo umeivika koja. Ningekwambia ulifumue?"

Salha akalikunjakunja koja kiganjani. Moyoni alitaka kulia, na alitaka kumpiga.

Nasreen akatokea, anahema, simu nyingine mkononi. "Bi Mwanabibi yuko hewani. Anasema Ummi hatoki bila maua yake. Anauliza itachukua muda gani." Akainama, akanyoosha mkono kuchukua kifeni shingoni mwa Rashid, kama alivyozoea.

Mkono wa Salha ukawahi. Aliuvua ule uzi kichwani mwa mumewe, umelowa jasho lake, akakiwasha kifeni akakielekeza puani mwa helikopta. Kilikuwa kinapepea vizuri. Hilo nalo lilimuudhi. Nasreen alisimama hajui pa kuiweka mikono, kisha akautanda mtandio wake juu yao kuzuia jua lililokuwa linaingia ubavuni. Salha aliona kivuli kikiongezeka. Hakumwambia asogee.

Ng'ambo ya ukuta wanawake walikuwa wameanza kuimba polepole, wakisubiri. Salha akaweka kiganja tumboni mwa helikopta, kama anayempima mtoto homa.

"Vipi huko?" Bi Mwanabibi aliuliza kutoka simuni.

Rashid akamtazama Salha. Nasreen naye akamtazama.

"Bado," Salha alisema, akaendelea kupepea.